Namna ya Kuandaa Usafiri wa Jamii kwa Wagonjwa Wenye Miadi ya Matibabu

Vituo vingi vya afya huhesabu wagonjwa waliokosa miadi, lakini ni vichache vinavyouliza walishindwaje kufika. Matokeo yake, aliyepuuza na aliyesimama kituoni tangu alfajiri akipitwa na magari yaliyojaa huandikwa kwenye orodha moja, na wote wawili huonekana wazembe. Mwongozo huu unawalenga wananchi, kamati za afya, vyama vya wagonjwa, jumuiya za dini na watumishi wa afya wanaotaka kuondoa kikwazo hicho katika eneo lao. Hauhusu gari la wagonjwa la dharura, ambalo lina vifaa vyake, sheria zake na wataalamu wake. Unahusu safari zinazojulikana siku kadhaa kabla: kliniki ya wajawazito na watoto, kusafisha damu kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi, tibamionzi (matibabu ya saratani kwa mionzi), mazoezi ya viungo, upasuaji wa macho na kuchukua dawa za kila mwezi.

Vikundi vingi vinavyoingia katika kazi hii huanza kwa kuchangisha fedha za kununua gari. Nashauri kwa msisitizo kwamba hilo liwe jambo la mwisho kufikiriwa. Eneo linaweza kuwa na magari ya kutosha na bado wagonjwa wakakosa miadi, kwa sababu saa ya daktari, saa ya basi na hali ya mgonjwa havijawahi kupangwa na mtu mmoja. Kazi yenu hasa ni kumpata mtu huyo, kumpa taarifa sahihi, na kumwekea njia kadhaa za kuchagua kulingana na mgonjwa aliye mbele yake.

Zifahamuni safari kabla ya kutafuta chombo

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliokuwa wakichunguza vifo vitokanavyo na uzazi, walieleza aina tatu za ucheleweshaji: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo unafaa hata nje ya masuala ya uzazi, kwa kuwa hatua hizo huathiriana. Anayejua kwamba njia ni ngumu na kwamba atakaa kwenye foleni hadi jioni, huamua kutokwenda akiwa bado kitandani. Kwa hiyo mkiwauliza watu kama wana shida ya usafiri, baadhi ya wenye shida kubwa kuliko wote watajibu kuwa hawana, maana waliacha kusafiri zamani. Waulizeni kwa namna nyingine: mara ya mwisho ulipoandikiwa kurudi kliniki, ulirudi? Ulitoka nyumbani saa ngapi, ulibadilisha magari mangapi, nani alikushika mkono wakati wa kupanda, ulifika nyumbani saa ngapi, na siku hiyo watoto waliachwa na nani?

Mazungumzo ya namna hii na watu thelathini au arobaini hufunua mengi kuliko dodoso refu lililosambazwa kwa mamia. Hakikisheni kwamba miongoni mwao wamo walioacha kliniki kabisa, wazee wanaoishi peke yao, watu wenye ulemavu na akina mama wenye watoto wachanga. Zungumzeni pia na wanaowauguza. Mara nyingi aliyekwama si mgonjwa mwenyewe bali msindikizaji, ambaye hawezi kuomba ruhusa kazini kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja, na mahali kama hapo kinachohitajika ni mtu wa kusindikiza kuliko kiti cha gari.

Baada ya hapo, zipangeni safari kwa marudio yake, kwa sababu marudio ndiyo yanayoamua gharama. Mtu anayesafishwa damu kwa mashine kituoni kwa kawaida huenda mara 3 kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye mashine kwa takriban saa 4. Kwa mwaka hizo ni safari 156 za kwenda na 156 za kurudi, kwa mtu mmoja tu, na hakuna hata moja inayoweza kuahirishwa kwa usalama. Anayepata tibamionzi aghalabu hutakiwa siku 5 kwa wiki kwa wiki kadhaa mfululizo, halafu mahitaji yake huisha. Mjamzito, kwa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, anapaswa kuonana na mhudumu angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Watu hawa watatu hawawezi kuhudumiwa kwa mpango mmoja. Wa kwanza anahitaji kiti chake cha kudumu na dereva wa akiba anayejulikana kwa jina, wa pili anahitaji zamu ya muda mfupi ambayo watu kadhaa wanaweza kugawana, na wa tatu huenda akahitaji nauli tu na basi linalopita kwa wakati.

Kaeni na kituo cha afya kwanza

Sehemu kubwa ya adha ya usafiri hutengenezwa na ratiba ya kituo, na kuirekebisha mara nyingi hakugharimu zaidi ya vikao vichache. Pale ambapo wagonjwa wote huambiwa wafike asubuhi na mapema kisha wahudumiwe kwa kufuata foleni, mtu wa mbali hulazimika kutoka nyumbani usiku, na gari lililomleta hulazimika kumsubiri bila kujua hadi lini. Kiombeni kituo kiwapangie wanaotoka upande mmoja siku moja, kwa saa zinazokaribiana. Wagonjwa wanne wa njia moja wakipewa saa zinazofuatana, gari moja linawatosha. Wakitawanywa katika siku nne, mtahitaji safari nne za nusu tupu.

Ombi la pili ni kuunganisha huduma. Mgonjwa anayeambiwa aje Jumatatu kutoa damu, Jumatano kupokea majibu na Ijumaa kumwona daktari anasafiri mara tatu kwa jambo ambalo pengine lingekamilika kwa siku moja kama maabara ingepewa taarifa mapema. Yapo pia mambo ambayo hayahitaji safari kabisa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba watu wanaoishi na VVU ambao hali zao ni imara wapewe dawa za kutosha miezi 3 hadi 6 kwa mara moja, na kwa maradhi mengine ya kudumu inafaa kuwauliza wataalamu wa kituo kama jambo kama hilo linawezekana. Majibu mengine ya vipimo yanaweza kutolewa kwa simu, na chanjo au upimaji wa shinikizo la damu unaweza kufanywa na mhudumu anayewatembelea watu kwa siku maalumu. Kila safari inayoondolewa kwa njia hii inamwachia kiti mtu ambaye hana budi kwenda.

Ombi la tatu ni dogo, lakini mimi huliona kuwa ndilo uti wa mgongo wa mpango mzima: kituo kimtaje mtumishi mmoja wa mapokezi, na msaidizi wake, ambao mratibu wenu anaweza kuwapigia simu wakati wowote wa kazi. Kupitia mtu huyo mtajua kwamba daktari wa macho hatakuwapo kesho kabla wagonjwa watano hawajatolewa majumbani bure. Kwake pia mtatoa taarifa kwamba gari limepata pancha na litachelewa, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba anayefika kwa gari la jamii akiwa amechelewa kwa muda unaovumilika hatarudishwa nyumbani bila kuhudumiwa. Nendeni kwenye kikao hicho kwa heshima, mkiwa na orodha ya sababu mlizozikusanya. Watumishi wa afya nao huumia wanapoona mashine imewashwa na mgonjwa hayupo, na wengi wao watafurahi kupata mtu wa kushirikiana naye.

Kuchagua njia inayomfaa kila mgonjwa

Njia rahisi kuliko zote ni kumpa nauli mtu anayeweza kupanda basi lakini hana fedha. Sharti lake moja ni kwamba nauli itangulie safari. Mpango unaomtaka mgonjwa alipe kwanza kisha arudishiwe kwa kuonyesha risiti unamwacha nje yule hasa ambaye hana cha kutanguliza. Nchini Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kutuma fedha za nauli kwa simu ya mkononi ili wanawake wenye fistula, yaani tundu linalotokana na uzazi mgumu na kuvujisha mkojo au haja kubwa, waweze kusafiri kwenda kufanyiwa upasuaji, na mtu aliyeaminiwa katika jamii ndiye aliyepokea fedha hizo na kumkatia mgonjwa tiketi. Utaratibu wa namna hiyo unaweza kuigwa mahali popote penye huduma ya kutuma fedha kwa simu.

Njia ya pili ni madereva wa kujitolea wanaotumia magari yao wenyewe na kurudishiwa gharama kwa kilomita. Inafaa sana kwa safari zisizo na ratiba ya kudumu, na ina thamani nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu: mgonjwa mpweke hupata mtu wa kuzungumza naye njiani. Kabla ya kuianza, kila dereva aiulize kampuni yake ya bima kwa maandishi kama bima ya gari binafsi inaendelea kumlinda anapobeba wagonjwa na kurudishiwa gharama, kwa kuwa katika nchi nyingi kuvuka mpaka kati ya kurudishiwa gharama na kupata faida hubadilisha aina ya leseni na bima inayotakiwa.

Njia ya tatu ni mkataba na wenye teksi, pikipiki au magari madogo ya abiria ambao tayari wako barabarani. Mnakubaliana bei ya kila njia mapema, wanapokea malipo kwa hati iliyosainiwa na kituo, nanyi hamlazimiki kutunza gari lolote. Pikipiki ifikiriwe kwa uangalifu: inamfaa kijana anayefuata dawa, akiwa na kofia ngumu, lakini haimfai aliyetoka kupasuliwa, mjamzito aliyekaribia kujifungua, wala mtu anayepata kizunguzungu. Njia ya nne ni kuzungumza na wenye mabasi, au na mamlaka inayowapangia njia, ili basi lililopo lipite langoni mwa hospitali au ratiba yake isogezwe mbele kwa nusu saa. Badiliko dogo kama hilo linaweza kuwasaidia watu wengi kuliko gari lolote mtakalolinunua, na watakaonufaika hawatahitaji kumwomba mtu yeyote chochote.

Chunguzeni pia haki ambazo tayari zipo kisheria. Nchini Marekani, kwa mfano, Medicaid, mpango wa serikali wa bima ya afya kwa watu wenye kipato cha chini, unawajibika kuhakikisha kwamba wanufaika wake wanapata usafiri wa kwenda na kurudi kwenye matibabu yasiyo ya dharura, na mwishoni mwa mwaka 2020 takwa hilo liliingizwa rasmi kwenye sheria. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazitaka nchi zilizouridhia kuondoa vikwazo katika usafiri na kusogeza huduma za afya karibu na watu kadiri inavyowezekana, hata vijijini. Kama serikali yenu, halmashauri au mfuko wa bima una wajibu wa namna hiyo, fedha mlizochanga zisitumike kulipia kile ambacho tayari ni haki ya mgonjwa. Zitumike kumsaidia kudai haki hiyo na kujaza fomu.

Mratibu na daftari la safari

Mratibu anaweza kuwa mfanyakazi wa kulipwa au mtu wa kujitolea, lakini lazima apatikane kwa simu saa zilezile kila siku, na lazima awepo wa kushika nafasi yake anapougua. Anapopokea ombi, anaandika jina na simu ya abiria, mahali pa kumchukulia pamoja na alama inayoonekana usiku na mchana, kituo anachokwenda na idara, saa ya miadi na saa inayokadiriwa ya kumaliza. Kisha anauliza kuhusu mwendo: unatembea bila msaada, una fimbo au magongo, unatumia kiti cha magurudumu kinachokunjwa au kisichokunjwa, unaweza kujihamishia mwenyewe kwenye kiti cha gari, kuna ngazi ngapi kutoka mlangoni hadi barabarani, una mtungi wa oksijeni, utasindikizwa na nani? Swali la ngazi husahaulika mno, na kulisahau humfanya dereva mmoja ajikute hana namna ya kumteremsha mtu mzima kutoka ghorofa ya pili.

Saa ya kuondoka ihesabiwe kwa kurudi nyuma kutoka kwenye miadi. Chukueni mgonjwa mzee mwenye miadi ya saa 3:00 asubuhi. Mapokezi yanamtaka afike nusu saa kabla, kwa hiyo gari lifike saa 2:30. Njia huchukua dakika 50 kwa msongamano wa saa hiyo, na msongamano wa asubuhi upimwe asubuhi, usikadiriwe kwa safari ya mchana. Tunarudi hadi saa 1:40. Kutoka mlangoni hadi kukaa na kufunga mkanda kunamchukua dakika 10, yaani saa 1:30. Ongezeni robo saa ya tahadhari, na dereva atapaswa kuwa mlangoni saa 1:15. Mgonjwa aambiwe saa hiyo kwa sauti jioni iliyotangulia, katika simu ileile inayothibitisha kwamba miadi bado ipo, na aulizwe kama ameshika kadi yake, dawa anazotumia na chochote cha kula njiani kama ana kisukari. Ikiwa kipimo kinamtaka akae bila kula, jambo hilo nalo lithibitishwe hapo, kwa sababu safari iliyokwenda vizuri hupotea bure mgonjwa anaporudishwa kwa kuwa alikunywa chai.

Kurudi ndiko kunakoishinda mipango mingi. Saa ya kwenda inajulikana, saa ya kumaliza haijulikani, na mgonjwa aliyechoka huachwa kwenye benchi hadi giza linaingia. Wekeni kanuni kwamba abiria au msindikizaji anapiga simu akiwa amefika kwenye foleni ya dirisha la dawa, wakati bado ana dakika kadhaa za kusubiri, ili gari liwe linakuja huku yeye akihudumiwa. Kubalianeni na kituo mahali pa kungojea penye kivuli, maji na choo kinachofikika. Dereva wa mwisho asiondoke kabla kila jina kwenye orodha ya asubuhi halijawekewa alama: amepanda, amechukuliwa na ndugu, au amelazwa. Aliyelazwa, mratibu awapigie jamaa zake kabla hawajaanza kumngoja barabarani.

Kumpandisha na kumteremsha mgonjwa

Mafunzo ya udereva hayamfundishi mtu kumhamisha mgonjwa, na hapa ndipo majeraha hutokea, kwa mgonjwa na kwa mgongo wa dereva pia. Ombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo au muuguzi awafundishe kwa vitendo, kila mmoja afanye huku akitazamwa. Hatua za msingi ni hizi: kiti cha magurudumu kisogezwe mshazari karibu na kiti cha gari, upande wa mwili wenye nguvu ukiwa ndio unaoelekea gari, breki za magurudumu zifungwe, vikanyagio vya miguu viondolewe, mgonjwa asogee ukingoni mwa kiti, aweke miguu chini imara, ainame mbele kidogo, asimame, ageuke, akae kwanza ndipo miguu iingie. Anayemsaidia ashike kiunoni au mkanda maalumu wa kuhamishia. Asimvute kwa makwapa, na kamwe asimvute mtu aliyepooza kwa mkono ulio dhaifu, kwa sababu bega lake linaweza kuteguka bila yeye kuweza kujizuia. Kabla ya kila hatua mgonjwa aambiwe kinachofuata na aulizwe kama yuko tayari.

Anayesafiri akiwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu anahitaji gari lenye ubao wa mteremko wa kupandishia kiti, akae akitazama mbele, kiti kifungwe sakafuni kwa mikanda minne, na yeye mwenyewe afungwe mkanda wake wa usalama. Mkanda unaokifunga kiti haumlindi aliyekaa juu yake. Mtungi wa oksijeni nao ufungwe usiyumbe, na ndani ya gari hilo mtu yeyote asivute sigara.

Dereva hahitaji kujua maradhi ya abiria wake, lakini anahitaji kujua namna ya kumtunza. Anayetoka kusafishwa damu anaweza kushuka shinikizo na kuona kizunguzungu anaposimama, kwa hiyo asiharakishwe, na mkono wenye mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya mashine usishikwe wala kubanwa. Damu ikianza kutoka mahali palipochomwa, pagandamizwe papo hapo na msaada uitwe. Aliyetiwa matone ya kupanua mboni za macho haoni vizuri kwa saa kadhaa na huumizwa na mwanga. Aliyepewa dawa ya usingizi asiachwe mlangoni kwake peke yake. Akabidhiwe kwa mtu mzima atakayekaa naye. Anayepata dawa za saratani kinga yake huweza kuwa imepungua, hivyo asipangwe gari moja na mtu anayekohoa. Kuhusu mgonjwa wa kifua kikuu ambaye ndiyo kwanza ameanza dawa, fuateni maelekezo ya kliniki yake. Kwa kawaida madirisha hufunguliwa, yeye huvaa barakoa, na hasafirishwi pamoja na wengine hadi kliniki itakaposema inafaa.

Kulinda siri na heshima

Gari likiandikwa ubavuni jina la kliniki inayojulikana kwa maradhi fulani, kila nyumba linakosimama imeshatangazwa. Gari la jamii lisiwe na maandishi yoyote ya ugonjwa, na abiria wenye miadi ya aina tofauti wachanganywe kwa makusudi pale ambapo afya inaruhusu. Orodha anayopewa dereva iwe na jina, mahali, saa na mahitaji ya mwendo peke yake. Orodha isitumwe kwenye kundi la simu la madereva wote, na daftari lifungiwe. Dereva atie saini ahadi ya kutosimulia aliyoyaona na kuyasikia, na aelezwe kwamba kuivunja kunamwondoa katika huduma.

Heshima inagusa pia namna ya kuwachagua watu wa kubeba. Kila dereva na msindikizaji achunguzwe leseni, rekodi ya ajali na, sheria inapotoa nafasi hiyo, rekodi ya makosa ya jinai, kwa kuwa anakaa peke yake na watu dhaifu ndani ya gari lililofungwa. Mtoto asisafirishwe bila mzazi au mlezi wake, na awe kwenye kiti kinacholingana na umri na uzito wake. Mwanamke anayeomba msindikizaji wa kike asidaiwe maelezo.

Fedha, na swali la gari

Gharama ya safari haiishii kwenye mafuta. Ndani yake kuna matairi, matengenezo, bima, simu, muda wa mratibu, kilomita ambazo gari lilikwenda tupu kumfuata mgonjwa, na akiba ya kulibadilisha gari litakapochakaa. Jumlisheni vyote hivyo kwa mwezi, kisha mgawe kwa idadi ya safari zilizomfikisha mtu kwenye matibabu na kumrudisha. Takwimu hiyo moja ndiyo mtakayoitumia kulinganisha teksi ya mkataba, madereva wa kujitolea na gari lenu wenyewe, na mara nyingi itawaonyesha kwamba gari linalosimama siku tatu kwa wiki ni ghali kuliko teksi.

Wakati wa kununua gari hufika pale ambapo maombi yaleyale, ya upande uleule na siku zilezile, yamekosa chombo kwa miezi mfululizo, hasa ya watu wanaosafiri juu ya viti vya magurudumu ambao magari mengine hayawezi kuwabeba. Hapo mwendeeni mfadhili au serikali mkiwa na bajeti ya kuliendesha kwa miaka 5, si bei ya kulinunua peke yake. Gari la msaada lisilo na bajeti ya matengenezo huishia kuegeshwa likingoja kipuri, na wagonjwa waliokwisha kulitegemea hubaki na hali mbaya kuliko kabla halijaja. Ikiwa abiria wanachangia, mchango ulipwe kwa mratibu au kwa simu, kamwe usilipwe mkononi mwa dereva, na asiyeweza kuchangia asijulikane na abiria wenzake.

Mpaka kati ya miadi na dharura

Mratibu na madereva wafundishwe dalili zinazotaka gari la wagonjwa badala ya gari la jamii: maumivu makali ya kifua, kushindwa kupumua, kupoteza fahamu, degedege, damu nyingi isiyokoma, kulegea ghafla kwa upande mmoja wa mwili au mdomo kwenda upande. Namba ya dharura ibandikwe mbele ya dereva. Hali ikibadilika njiani, dereva asimamishe gari mahali salama, apige simu na kufuata maelekezo atakayopewa, hata kama maelekezo hayo ni kuendelea hadi kituo kilicho karibu zaidi. Kama hakuna gari la wagonjwa linaloweza kufika kwa wakati katika eneo lenu, jambo hilo lizungumzwe wazi na mganga mkuu wa kituo kabla huduma haijaanza, na makubaliano yaandikwe, ili usiku wa tatizo asilazimike kuamua mtu mmoja peke yake.

Kufuatilia na kurekebisha

Anzeni na njia moja, kituo kimoja na wagonjwa wachache kwa miezi mitatu. Kila mwezi mratibu aandike maombi yaliyopokelewa, yaliyotimizwa na yaliyokataliwa pamoja na sababu, idadi ya waliofika kabla ya saa yao, na ya waliongoja gari la kurudi zaidi ya dakika 45. Maombi yaliyokataliwa yaandikwe kwa uaminifu uleule wa yaliyotimizwa, kwani mpango unaohesabu waliobebwa tu utaonekana umefanikiwa hata kama nusu ya wagonjwa wameachwa. Kilicho muhimu kuliko vyote ni kukiomba kituo kiwape, bila majina, idadi ya miadi iliyokosekana kutoka eneo lenu kabla na baada ya huduma kuanza.

Kila baada ya miezi mitatu waiteni abiria, wasindikizaji, madereva na yule mtumishi wa mapokezi wakae pamoja, kwa saa ambayo gari linaweza kuwaleta na kuwarudisha wote. Nje ya kikao hicho, kila abiria awe na namba ya simu ya mjumbe wa kamati ambaye si dereva wala mratibu, ambayo anaweza kuitumia akitendewa vibaya, na ajibiwe ndani ya wiki moja akielezwa hatua gani imechukuliwa.